Matanga ya Paka wa Fundi Cherehani

Mimi nimeshaliliwa nikiwa hai, kwa hiyo msinitishe na habari za kufa. Shangazi yangu alishuka kwenye lori la kutoka Bunda, pale Musoma mjini, mikono kichwani, khanga moja imebaki garini, akaja mbio mpaka barazani kwetu akilia, "Uwiii, mwanangu! Mtoto wa mdogo wangu wee! Mbona umetuacha mapema!" Mtoto mwenyewe nilikuwa mlangoni, nimeshika kata ya maji. Nikafanya adabu yangu kama nilivyofundishwa, nikasema, "Shikamoo, shangazi." Badala ya marahaba, akaanguka. Aliangukia wazee waliokuwa wamekaa jamvini, na mmoja wao alichechemea mpaka sikukuu.

Aliyekufa alikuwa paka.

Sasa ukisikia hivyo utasema watu wa zamani tulikuwa na wazimu. Haya, sema. Lakini kaa kidogo nikueleze huyo paka alikuwa nani.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, bendera yake ikipepea bomani, na baba yangu alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, vyumba vya nyuma vyetu sisi wawili, na uani tulikuwa na jiko na mpapai mmoja usiozaa. Ukimwuliza baba kabila lake, anakwambia babu yake alikuja na misafara kutoka upande wa Tabora, bibi yake alikuwa Mkwaya wa hapa hapa, na waliobaki usimwulize. "Mimi Mwislamu wa Musoma," alikuwa anasemaga, "inatosha." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikuwa ya kazi: simama wima, inua mkono, rudi Alhamisi.

Mama yangu alitoka Kibara, kwa watu wa ziwani, Wakristo, akasilimu alipoolewa. Alifariki mimi sijajua hata kutembea sawasawa. Picha yake haikuwepo, maana nani alikuwa anapiga picha siku hizo zaidi ya Wazungu na makarani wao? Nilijua tu kwamba alipoletwa kwa mume alikuja na mkeka, sufuria, na kikapu cha samaki, na watu walipofunua kikapu wakidhani watakuta sato mkavu, wakakuta mtoto wa paka anawakodolea macho. Bibi harusi na paka! Walicheka mpaka mwaloni, kule wanakoshushia samaki. Huyo ndiye paka wetu. Hakuwa na jina. Aliitwa Paka, nami niliitwa Mtoto, na kila mmoja alikuwa anajua akiitwa nani.

Habari za mama zilikuwa zimefungwa nyumbani kwetu. Nilikuwa nikiuliza, "Baba, mama alikuwaje?" yeye anasema, "Kalete maji." Nakwenda, nakuja na maji, nauliza tena. "Kanunue mkaa." Nadhani hakuna nyumba Musoma iliyokuwa na maji na mkaa mwingi kama yetu.

Ila paka akifanya utundu, baba alikuwa anajisahau. Paka akiiba kichwa cha samaki jikoni, baba anafoka kutoka cherehanini: "Mama yako ndiye aliyemharibu huyu! Alikuwa anampa yeye kichwa kabla mimi sijapewa mkia!" Paka akilala juu ya kanzu nyeupe iliyokwisha kupigwa pasi, baba anakung'uta manyoya, ananung'unika: "Nilimwambia mama yako mnyama huyu hafai kwenye kazi ya kitambaa, akanuna siku nzima." Na wateja wakija kupimwa, paka alikuwa na mchezo wake: anainyatia ile futi ya kitambaa inayoning'inia shingoni mwa baba, anaipiga kofi, anaikamata kwa meno na kuivuta. Siku moja alimfanyia hivyo karani wa D.C. katikati ya kipimo cha kiuno. Karani akaondoka na hasira, na baba akasema, "Hata mara ya kwanza ilikuwa hivi hivi. Mama yako alicheka mpaka mteja akaenda kwa Mhindi."

Mimi nilikuwa nayaokota maneno hayo moja moja kama kuku anavyookota mtama. Kwa hiyo mama alipenda wanyama. Kwa hiyo alikuwa ananuna. Kwa hiyo alikuwa anacheka hata mteja akikimbia. Asubuhi wenzangu chuoni walikuwa wakiomba mwalimu wa Kurani augue, mimi naomba paka wetu aibe.

Na jambo jingine niliseme hapa hapa, nisije nikalisahau. Nilikuwa na kicheko kibaya. Kinaanza kimya, mabega yanatikisika, watu wanadhani nalia, halafu ghafla puani panatoka mkoromo. Shangazi yangu wa Bunda, dada mkubwa wa baba, kila akija alikuwa ananifinya kwa ajili yake. "Mtoto wa kike unacheka kama mbuzi mwenye mafua! Nani atakuoa?" Baba hakunifinya. Nikicheka hivyo, yeye aliweka mkasi chini akatoka nje, na mimi nikajua kwamba kweli ninachefua.

Paka alikuwa amezeeka. Asubuhi moja nilimkuta kwenye kikapu cha vipande vya nguo, chini ya cherehani, amejikunja mahali pake pa siku zote, na nilipomgusa alikuwa wa baridi. Nililia kwa sauti kubwa. Baba alikuja, akachuchumaa, akaweka mkono juu ya yale manyoya, akakaa hivyo muda mrefu. Hakulia. Akasimama, akachukua jora la bafta nyeupe aliyopewa na misheni ya Nyegina ashone nguo za watoto wa komunio, akachana kipande. Kama umewahi kusikia bafta ikichanwa ndani ya nyumba iliyonyamaza, unaijua sauti ile. Akamfunga paka, akachukua jembe, tukamzika nyuma ya nyumba, chini ya mpapai.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Lori la mizigo lilikuwa linapita nyuma ya nyumba kwenda Bunda, na utingo aliyekaa juu ya magunia aliona kila kitu: fundi, jembe, na kifurushi kidogo kimefungwa nguo nyeupe. Alifika Bunda akiwa na habari yake mdomoni, imeiva. Fundi cherehani wa Musoma ana mtoto mmoja tu. Sasa hesabu mwenyewe shangazi yangu alifikiri nini.

Baba naye akamalizia. Badala ya kufungua duka, alifunga mlango wa mbele, akatandika jamvi barazani, akakaa. Akakaa tu! Futi yake shingoni, mikono magotini. Nikamletea chai, akatikisa kichwa. Nikamletea uji, vile vile. Mtu wa mjini akiona mwenzake kafunga duka mchana, katandika jamvi, hasemi, anajua moja tu: hapa pana msiba. Jirani wa kwanza akavua viatu, akaketi. "Pole, fundi." Baba akasema, "Nimeshapoa." Akaja wa pili. Akaja muuza kahawa na birika lake. Mpaka adhuhuri jamvi lilikuwa limejaa, na wanawake wanaingia kwa mlango wa uani na unga na ndizi.

Na hakuna aliyeuliza nani kafa. Kwetu huulizi. Ukimwuliza mfiwa nani kafa, unamchoma kidonda. Unakaa, unasubiri uambiwe, na usipoambiwa unajua ni mtu wa mbali, habari imeletwa kwa barua, na wenyewe watasema wakipata nguvu. Baba angesemaje? Angesema, mabwana, mmeacha kazi zenu kwa ajili ya paka? Kadiri watu walivyozidi, ndivyo ulimi wake ulivyozidi kuwa mzito. Akabaki na "nimeshapoa", naye hata kidogo hakuwa amepoa. Nilimwona. Macho yake yalikuwa yamezama, na usiku ule na uliofuata hakula.

Mimi nilikaa pembeni ya jamvi, na hapo jambo likanijia wazi kabisa. Nani tena ataiba samaki? Nani atavuta futi? Baba atalitaja jina la mama kwa kisa gani sasa? Paka amekwenda na mama yangu mchangani, na mimi nimebaki na mtu anayeniambia kalete maji. Na hata hilo la maji siku hizo hakuniambia tena. Ningetoa meno yangu yaliyobaki nimsikie akisema kalete maji.

Kesho yake akaja mzee mmoja kutoka Butiama, kwa baiskeli, amekuja kuchukua koti lake. Koti lilikuwa ndani, limetundikwa, lina mkono mmoja. Mzee akakuta jamvi. Akaegemeza baiskeli, akavua kofia, akaketi. Ungemwona! Kila mlango ukilia, anatupa jicho ndani kutafuta koti, halafu anakumbuka adabu, anainamisha kichwa na kusema, "Mungu ndiye anayejua." Akala ugali wa msiba, akalala kwa jirani, asubuhi akarudi jamvini. Angeondokaje? Utamwambia mfiwa nini, samahani, nipe koti langu?

Ndipo shangazi akafika na kilio chake, akaniona, akaanguka. Walipomwinua alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, halafu akanizaba kofi kwa kumtisha. Akakaa sawa, akawatazama watu wote wale, mdomo ukafunguka aulize, ukafunga. Mwanamke wa heshima kama yeye angeulizaje mbele za watu? Akanishika sikio, akaniburuta mpaka jikoni.

"Haya. Basi nani?"

"Paka, shangazi."

"Paka gani?"

"Paka wetu. Yule wa mama."

Shangazi aliketi kwenye kinu. "Astaghfirullah," akasema. "Amemvika na sanda?"

"Hakumswalia. Alimfunga tu."

"Alimfunga tu! Na watu wamekaa jamvini, wamekula unga wa watu, na mzee wa watu katoka Butiama! Mji mzima utatucheka mpaka wajukuu." Akafikiri kidogo. Namheshimu shangazi yangu kwa vile alivyofikiri upesi. "Sikiliza. Wewe nyamaza. Msiba ukishakaa, umekaa. Tutaulisha, tutaumaliza, tutaanua matanga, wataondoka, na hakuna atakayejua."

Akajifunga kibwebwe, akaongoza matanga ya paka kama alivyoongoza ya watu. Alipanga wanawake wa kusonga na wa kuosha, aligombana na mwenye maharage, aliwakaripia vijana waliocheka karibu na jamvi. "Nyie hamna huruma? Watu wamefiwa!" Mimi nilikuwa nakuna nazi iliyoletwa na muuza kahawa, nikahisi kile kicheko changu kinapanda puani, nikajiziba kwa khanga. Kisha nilichungulia barazani, nikamwona baba ameinama kuliko jana, kicheko kikafa chenyewe.

Siku ya kuanua matanga, jua limepanda, nilisikia sauti kutoka barabarani. "Tokeni njiani, samaki anapita!" Shangazi akaacha mwiko. "Yarabi," akasema. "Huyu tena."

Alikuwa mama mdogo wa Kibara. Nasema mama mdogo, lakini alikuwa binamu wa mama, mtoto wa mjomba wake, wamekua pamoja wakikausha dagaa. Alikuwa akileta samaki wakavu sokoni, na kila akija alikuwa anapita mlango wetu wa jikoni, anamtupia paka furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, ananibinya shavu, anakwenda. Barazani hakaagi. Nilidhani ni haraka ya soko.

"Hujui?" shangazi akaninong'oneza. "Binamu ni mtani. Mama yako alipofariki, huyu alikuja kufanya utani wa msiba, kama ilivyo kazi yao. Baba yako akasimama mlangoni na mkasi mkononi, akamwambia, hapa si pa mchezo, toka. Hajakanyaga baraza hii tangu siku hiyo."

Ambaye hajui utani nimwambie. Mtani akija msibani, anakuja wakati wote wamenyamaza, na yeye ndiye hanyamazi. Anamwigiza marehemu: alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa mchoyo wa mchuzi. Anadai kuku. Analala kwenye kaburi lililo wazi na kusema linamtosha yeye. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Baba alikasirika mara ile, na watu walimsamehe kwa sababu alikuwa kijana na ana mtoto mdogo mkononi.

Mama mdogo alikanyaga baraza. Hakutua hata kikapu kichwani. Harufu ya dagaa ikaingia kabla yake.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa," baba akasema, macho chini.

"Umepoa wapi? Uso kama kitambaa kisichopigwa pasi. Nani kafa?"

Mama wee! Jamvi zima likashika pumzi. Muuza kahawa akaacha kumimina. Mzee wa Butiama aliangalia vidole vya miguu yake, ila niliona shingo yake imesogea ili asikie vizuri. Shangazi nyuma yangu alisema "tumekwisha" kwa sauti ndogo.

Baba akainua kichwa. Akatutazama sote, mmoja mmoja. "Paka," akasema.

"Paka gani?"

"Wake."

Niliona uso wa mama mdogo umebadilika. Kumbe yule paka alizaliwa jikoni kwa mama yake, yeye mwenyewe ndiye aliyemtia kwenye kikapu siku ya harusi. Akashusha mzigo polepole, akauweka chini. Mzee wa Butiama naye akapata sauti.

"Paka? Mimi nimeacha ng'ombe wangu Butiama, nimekaa hapa siku zote hizi kwa ajili ya paka?"

Mama mdogo akamgeukia. "Mzee, usitudanganye. Wewe umekaa kwa ajili ya koti."

Wa kwanza kucheka alikuwa muuza kahawa, kahawa ikammwagikia mguuni, akaruka, na hapo watu wakapasuka. Mama mdogo hakungoja. Alijifunga khanga kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio cha utani, kile ambacho hujui kama ni kilio au ni wimbo. "Uwiii, paka wetu wa Kibara! Mwizi wa furu! Umekula samaki wangu wote, sokoni nimefika na magamba! Nani atanipokea jikoni tena? Wafiwa, kuku wangu yuko wapi? Nataka kuku, na kichwa chake mkizike na marehemu!"

Kisha akashuka kwa mikono na magoti, mwanamke mnene yule, akawa paka. Sijui nisemeje. Alitembea jamvini katikati ya wazee, bega moja likipanda na jingine likishuka, akamnusa mzee wa Butiama magotini, akapiga chafya kwa dharau, akapita. Akajilamba kiwiko. Halafu akaiona futi, ile iliyokuwa shingoni mwa baba tangu asubuhi ya kuzika. Akalala tumbo. Makalio yakatikisika. Akanyata, akaipiga kofi.

"Acha," baba akasema.

"Nyau."

"Shemeji, nakwambia acha. Watu wanatuangalia."

"Nyau." Akaikamata kwa meno, akavuta, na shingo ya baba ikaja nayo.

Baba akacheka. Kwanza kidogo, kama mtu aliyekwamwa na mfupa, halafu kikamtoka chote, akapiga jamvi kwa kiganja, akalaza kichwa ukutani akicheka kinywa wazi, nami nikaona meno yake ya nyuma ambayo sikuwahi kuyaona. Shangazi alikuwa amejifunika khanga usoni, lakini tumbo lake lilikuwa linaruka. Na katikati ya kile kicheko baba akaanza kulia. Alilia waziwazi, mbele ya wazee wa mji, machozi yakidondoka kwenye futi. Nilisubiri mtu aseme jikaze, wewe mwanamume. Nadhani mmoja alitaka kusema.

Mama mdogo akamwahi. "Lia, shemeji. Hata mimi nalia, ila mimi nina mkia."

Walikaa pale wawili, wakicheka na kulia na kufuta pua. Baadaye baba akasema, "Mara ile nilikufukuza."

"Na mkasi. Mkubwa."

"Ungefanya nini mara ile, kama ningekuacha?"

"Kazi yangu. Ningekuletea mke wako kidogo kabla hajapoa."

Baba akajifuta macho. Kisha akanitafuta kwa macho, akaniona mlangoni. Nilidhani ataniambia kalete maji, na nilikuwa tayari kuyaleta, hata ziwa zima.

"Huyu mtoto hamjui mama yake," akasema. "Mimi nimemnyima. Mwonyeshe."

Mama mdogo akasimama. Hakufanya haraka. Akafungua khanga, akaifunga upya, fundo likiwa ubavuni, si kifuani. Akaingia mlangoni, akatoka tena, na aliyetoka hakuwa yeye. Alikuja kwa hatua za upesi, bega la kushoto mbele, kama anayepita kwenye mlango mwembamba. Akaokota uzi usiokuwepo, akaukata kwa meno huku anaongea, maneno yakitokea pembeni ya uzi. Akasimama nyuma ya baba, mikono kiunoni, akainamia mshono usiokuwepo.

"Fundi," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, ya utani, sijawahi kuisikia na nikaijua. "Mshono huu unakwenda Bunda au unakwenda Butiama?"

"Unakwenda sawa," baba akajibu. Alijibu kabisa! Kama mtu aliyeulizwa jana.

"Sawa ya wapi? Mwenye suruali hii akianza safari ya Bunda, mguu mmoja utampeleka Butiama." Na yule mama mwenye fundo ubavuni akaanza kucheka. Alianza kimya. Mabega yakatikisika, ungedhani analia. Halafu, ghafla, puani pakatoka mkoromo.

Mimi nilishika mwimo wa mlango. Kicheko changu kilikuwa barazani, kimesimama, kimevaa khanga. Nikacheka. Sikuamua, kilikuja chenyewe, kimya kimya, mabega, pua, mkoromo wa nguvu, na nilipoanza sikuweza kujizuia. Baba akageuka kwa ghafla, na hakumwangalia mama mdogo. Aliniangalia mimi. Safari hii hakutoka nje.

"Ndiye huyo," akamwambia shangazi. "Dada, usimfinye tena. Ndiye huyo."

Shangazi akalia sasa, kilio cha kweli, akanivuta kifuani pake penye harufu ya maharage. Hakunifinya tena maisha yake yote, na aliponiozesha, miaka ya baadaye, alimwonya bwana harusi juu ya kicheko changu kwa sauti ya mtu anayesifia mali.

Matanga yakaanuliwa. Kuku akachinjwa, mtani akala paja na kudai na la pili. Watu walikwenda makwao wakicheka, na ni kweli mji mzima ulitucheka, tena kwa muda mrefu, lakini walikuwa wanatucheka wakiwa wamekaa barazani kwetu, wanakunywa kahawa. Mzee wa Butiama alibaki peke yake jamvini. Akakohoa.

"Fundi, sasa lile koti?"

Baba akafungua mlango wa mbele, mwanga ukaingia. Akamsimamisha mzee, akampima mkono ulionyooka, na mzee, Mungu amrehemu, akaitazama futi ikining'inia, akaipiga kofi kidogo kwa kidole. Baba akacheka tena. Koti likaisha jioni ile ile, mzee akalivaa na jua lote lile, akapanda baiskeli. Nguo za Nyegina zikafuata. Cherehani ikawa inalia kutwa, na jirani aliyezoea kulalamika kelele alikuja kusema inampendeza.

Siku moja katika hizo nilikuwa chini ya meza naokota pini. Kikapu cha vipande kilikuwepo mahali pake, kina shimo la mviringo katikati ambalo hakuna aliyetaka kulitandaza. Nyumba ilikuwa imetulia, hakuna kilichoibwa, hakuna aliyevuta chochote. Baba alikuwa anashona, mguu unakanyaga, macho kwenye sindano.

"Mama yako," akasema, "alikuwa hajui kushona kifungo."

Nikaacha pini. Nilingoja aniambie kalete maji.

"Vyote alivyovishona vilidondoka. Siku moja mwalimu wa shule alisimama kuwasomea watu hotuba, vifungo vyote vikamtoka, kimoja kimoja." Mguu wake ukasimama, akaanza kutabasamu kabla hajafika mbele. "Sasa sikiliza alichofanya mama yako."

Nikaingia mle kikapuni, nikajikunja, nikasikiliza.